Noti ya Msikilizaji Ifike kwa Mwimbaji

Hotuba kwa wanamuziki, maprodyuza na wapenzi wa muziki, Dar es Salaam

Shikamooni wazee wangu wa dansi na taarabu. Dada zangu, kaka zangu, na nyie vijana wa singeli mliotoka Mburahati na Manzese mkavumilia foleni ya jioni, asanteni sana kwa kuja.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kumsaidia mwanamuziki asiye na lebo, katika zama hizi ambapo muziki unasikilizwa kwenye simu na kaseti na sidii zimebaki makabatini. Nitaanza na jambo ambalo kila aliyemo humu amelishuhudia. Kwenye onyesho la taarabu, mwimbaji anapofika kwenye ubeti unaomgusa mtu, mama anainuka kitini, anakwenda mbele kwa madaha, noti mkononi, anamtunza. Hakuna anayemwambia ampe nani. Kaguswa na mwimbaji huyu, noti anaipata mwimbaji huyu. Akiguswa na mpiga kinanda, anamfuata mpiga kinanda. Kwenye dansi ni vivyo hivyo: solo likikolea, mtu anapanda jukwaani na kumbandika mpiga gitaa noti kwenye paji la uso.

Ninachokidai jioni hii ni hicho tu. Pesa anayotoa msikilizaji kwa ajili ya muziki imfikie yule aliyemsikiliza. Majukwaa makubwa ya muziki ya mtandaoni mengi hayafanyi hivyo, na wengi wetu tunayatumia kila siku bila kulijua hilo.

Tufanye hesabu pamoja, kwa namba nilizozichagua ziwe nyepesi. Mama mmoja wa Magomeni na kijana mmoja wa Sinza, kila mmoja analipia jukwaa shilingi 10,000 kwa mwezi. Mama ana shughuli zake. Mwezi mzima amesikiliza nyimbo mara 50, zote za mwimbaji mmoja wa taarabu. Kijana simu haimtoki sikioni, amesikiliza mara 950, zote za nyota mmoja mkubwa. Jumla tuna shilingi 20,000. Jukwaa linachukua kama asilimia 30, zinabaki 14,000 za wenye muziki. Zigaweni nyie. Ukimwuliza mtu yeyote barabarani atakwambia 7,000 za mama ziende kwa mwimbaji wa taarabu na 7,000 za kijana ziende kwa nyota wake.

Jukwaa haligawi hivyo. Linatia pesa zote kwenye fungu moja, linahesabu kwamba nyimbo zimesikilizwa mara 1,000, kisha linagawa kwa idadi. Mwimbaji wa taarabu ana mara 50 kati ya 1,000, yaani asilimia 5, kwa hiyo anapata shilingi 700. Zile 6,300 nyingine za mama zimekwenda kwa mtu ambaye mama huyo hajawahi kumsikiliza hata siku moja. Mama akiulizwa atasema kwa moyo mweupe kwamba anamlipia mwimbaji wake.

Sheria haijavunjwa hapo, ndivyo mikataba ilivyoandikwa. Na sisemi majukwaa hayana faida. Leo kijana anamaliza wimbo usiku, na baada ya siku chache unasikika Kampala, Muscat na London bila kumpigia magoti mtangazaji yeyote. Enzi za kaseti, msambazaji alikuwa anakupa pesa ya mkupuo, anachukua masta, yaani ile sauti iliyorekodiwa, na tangu siku hiyo huna njia ya kujua ameuza kaseti ngapi. Ikaja miito ya simu, na wasanii wakalalamika miaka nenda miaka rudi kwamba wanaambulia kipande kidogo kuliko wote. Sijaja hapa kulilia zamani. Nimekuja kusema kwamba kwa mara ya kwanza tuna chombo kinachojua kwa uhakika nani amemsikiliza nani na mara ngapi, na taarifa hiyo haitumiki kumlipa aliyesikilizwa.

Kazi yangu ni kusimamia hesabu za wanamuziki wanaojitegemea, kwa hiyo ripoti za mapato ndizo ninazoshinda nazo. Hii hapa ni ya mwimbaji mmoja aliyeniruhusu niisome bila kumtaja. Ina safu ya jukwaa, safu ya nchi, safu ya mwezi, safu ya mara za kusikilizwa, na mwisho kabisa safu ya dola. Nenda mstari wa Tanzania, kwenye safu ya dola: sifuri, nukta, sifuri, sifuri, sifuri, ndipo tarakimu inaanza. Shuka mstari wa Norwei. Wimbo ni uleule, sauti ni ileile, lakini tarakimu inaanza mapema zaidi. Sababu ni kwamba kwa kawaida kila nchi ina fungu lake. Ada ya mwezi inapangwa ndogo katika nchi kama yetu, na wengi wetu tunasikiliza bure kwa kuvumilia matangazo, ambayo hapa yanauzwa kwa bei ya chini. Spotify, jukwaa la Sweden, ilifungua huduma yake Tanzania mwaka 2021. Boomplay ilikuwa imeshafika mapema zaidi, imekuja ndani ya simu za Tecno. Mashabiki tunao wengi, ila kila mmoja anahesabiwa kwa thamani ndogo.

Halafu kuna kizingiti. Tangu mwanzoni mwa 2024, kwenye Spotify wimbo ambao haujasikilizwa angalau mara 1,000 katika miezi 12 iliyopita haulipwi chochote kwa upande wa masta. Pesa yake inarudi kwenye fungu na kugawiwa kwa nyimbo zilizovuka. Wanasema ni vijisenti ambavyo hata hivyo havikuwa vikifika benki, na walikuwa wanapambana na wanaopakia sauti za mvua na kelele ili kukomba pesa. Ninalielewa hilo. Lakini mzee aliyepiga gitaa miaka 40, ambaye wapenzi wake 80 wanarudia wimbo wake mara moja kila mwezi, si mtu wa kelele za mvua. Wapenzi wake wamelipa, na malipo yao amepewa mwingine.

Hapa niwaombe vijana jambo moja, na ninawaomba kwa uchungu. Kizingiti hiki kimezaa wafanyabiashara. Mtu anakufuata Instagram, anakwambia lete elfu hamsini nikupe wasikilizaji elfu kumi. Wale si watu, ni mashine. Jukwaa likigundua, linamtoza faini msambazaji wako, yaani kampuni inayokupelekea nyimbo kwenye majukwaa, kwa wimbo huo, msambazaji anakuhamishia wewe deni, na mara nyingi wimbo unashushwa. Nimekaa na binti aliyelia mbele yangu kwa sababu wimbo wake wa kwanza, alioulipia studio kwa pesa ya kusuka nywele, uliondolewa kila mahali kwa mchezo huo. Hakujua anachonunua. Mwenye kumwuzia alijua.

Zipo njia nyingine za kugawa, na zimeshajaribiwa. Mwezi Aprili 2021, SoundCloud ilianza kuwalipa wasanii wanaojitegemea kwa hesabu ile ya mama wa Magomeni: pesa ya msikilizaji inagawiwa kwa aliowasikiliza yeye. Kumbe inawezekana. Deezer ya Ufaransa ilianza mfumo wa aina nyingine mwaka 2023, wa kumwongezea uzito maradufu msanii anayesikilizwa angalau mara 1,000 kwa mwezi na watu wasiopungua 500. Huo mimi siusifu. Unamnufaisha aliyekwisha kujitokeza, na bendi ya Temeke yenye wapenzi 300 waaminifu inabaki nje palepale.

Nisiwadanganye, lakini. Wafaransa, kupitia Kituo chao cha Taifa cha Muziki, walichapisha utafiti mwaka 2021 kuhusu kuhamia mfumo wa kumfuata msikilizaji. Walikuta kwamba muziki kama jazi na wa klasiki ungeongezewa, na rapu ingepungukiwa, kwa sababu wasikilizaji wa rapu wanasikiliza mara nyingi mno. Lakini kwa wasanii wadogo kabisa tofauti ilikuwa euro chache tu kwa mwaka. Kwa taarabu na dansi, ambazo wapenzi wake wengi ni watu wazima wanaosikiliza kwa kituo, naamini faida ingeonekana. Tuidai haki hiyo. Ila anayetegemea mgawanyo mpya peke yake ndio umlipie kodi ya nyumba atangoja sana.

Kwa hiyo nazungumza sasa na nyie mnaopenda muziki, mliokaa huku nyuma.

Nunueni. Sikilizeni hesabu hii. Mwaka 2021 Apple iliwaandikia wasanii kwamba kwa wastani inalipa kama senti moja ya dola kila wimbo unaposikilizwa, na hicho ni kiwango cha juu ukilinganisha na wengine. Dola moja tuifanye shilingi 2,500, basi senti ni shilingi 25. Ukimlipa mwanamuziki shilingi 10,000 mkononi kwa albamu yake, umempa sawa na kusikilizwa mara 400. Na ule ni wastani wa dunia nzima, kabla msambazaji na wenzake hawajachukua chao. Nani kati yetu atasikiliza nyimbo za albamu moja hadi zifike mara 400? Wachache. Kununua mara moja kunaweza kila mtu humu.

Kuna jukwaa la Marekani linaitwa Bandcamp, limeanza 2008, ambalo linauza muziki moja kwa moja. Ukinunua albamu linakata asilimia 15, halafu yapo makato ya malipo, na kinachobaki ni cha msanii au lebo yake. Machi 2020, corona ilipofunga kumbi za muziki, wakaanzisha Ijumaa maalumu ambazo hawakati fungu lao kabisa. Singeli ya hapa kwetu imepita njia hiyo. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa kazi za studio ya Sisso ya Mburahati, na watu wa Ulaya ambao hawajui Mburahati iko wapi wakaununua, na vijana wakaitwa kwenye majukwaa ya huko. Lakini njia za malipo za majukwaa yale hazikujengwa kwa mtu ambaye benki yake ni laini ya simu.

Na laini ya simu ndiyo nguvu yetu. M-Pesa imekuwepo nchini tangu 2008. Mama anayeuza vitumbua ana Lipa Namba, dereva wa bodaboda ana Lipa Namba, na bendi yenye wapigaji kumi na wawili haina. Kwenye onyesho, bei za bia zimebandikwa ukutani kwa herufi kubwa, lakini jina la albamu na namba ya kulipia havipo popote. Mara nyingi bendi inachukua mlango na mwenye ukumbi anachukua vinywaji, kwa hiyo anayefika saa sita usiku mlango ukiwa umeachwa wazi anakunywa mpaka alfajiri, na muziki ameupata bure. Weka meza, mkalishe mtu anayeaminika, jaza nyimbo kwenye flashi, bandika namba mahali ambapo anayecheza ataiona. Asiye na flashi atumiwe kiungo kwenye simu yake hapohapo. Mtu anayemtunza mwimbaji elfu tano jukwaani hashindwi kulipa elfu kumi kuondoka na nyimbo zote. Hajaombwa tu.

Sasa nirudi kwetu wenyewe, na wazee wangu mnisamehe, kwa sababu hili nitalisema bila kupindisha. Hatuwezi kulilaumu jukwaa la Sweden kwa kutogawa haki wakati ndani ya bendi zetu hatugawani haki.

Wimbo uliorekodiwa una haki mbili. Ipo haki ya utunzi, yaani maneno na melodi, na ipo haki ya masta, yaani ile sauti iliyorekodiwa. Kila moja ina malipo yake. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, inamlinda mtunzi tangu kazi inapozaliwa, na inawatambua pia wapigaji na waimbaji. Lakini mambo yanavyokwenda ni hivi: bendi inaingia studio, wanarekodi usiku kucha, mpiga besi anapewa nauli na chipsi mayai. Akaunti ya kusambaza nyimbo inafunguliwa kwa barua pepe ya mtu mmoja, kiongozi au prodyuza au shemeji yake mwenye simu nzuri. Miaka mitatu baadaye wimbo unapendwa na hakuna anayejua nenosiri. Au analijua mmoja, na huyo mmoja hapokei simu. Nimeyaona haya katika bendi za wazee na kwa vijana wa studio za chumbani, hayana umri. Kuna prodyuza hapa mjini alimrekodi kijana bure, kijana akashukuru kwa machozi, akaja kugundua kwamba kila kitu kimesajiliwa kwa jina la prodyuza na yeye ameandikwa kama mgeni kwenye wimbo wake mwenyewe.

Dawa yake ni karatasi moja, na iandikwe kabla ya kutoka studio, wakati watu bado wanapendana. Iandikwe jina la wimbo, tarehe, majina kamili ya waliotunga, waliopiga, walioimba, aliyetengeneza biti, na asilimia ya kila mmoja kwa utunzi na kwa masta. Wote wasaini, na kila mmoja aipige picha. Wasambazaji kadhaa, DistroKid akiwa mmojawapo, wana sehemu ya kugawa mapato ambapo kila mshiriki anaingizwa na asilimia yake, na pesa ikifika inagawanyika bila kupita mfukoni kwa kiongozi. Uliza msambazaji wako kama anayo kabla hujapakia wimbo.

Majina yaandikwe sawasawa kila mara. Huwezi kuwa Mwanaidi kwenye wimbo huu, Idi kwenye ule, na Queen Mwana kwenye wa tatu, halafu utegemee kompyuta ikutambue. Kila rekodi ina kitambulisho chake cha herufi na tarakimu 12 kinachoitwa ISRC. Kiandikeni na kukitunza kama mnavyotunza namba ya NIDA. Mnadhani ni kitu kidogo? Marekani, mwaka 2021, chombo kipya cha kukusanya malipo ya watunzi kilikabidhiwa na majukwaa zaidi ya dola milioni 424 ambazo zilikuwa hazijalipwa kwa sababu nyimbo hazikuweza kuoanishwa na wenye nazo. Pesa ilikuwepo. Majina ndiyo yaliyokosekana.

Kuna watu ambao karatasi hii haikuwepo enzi zao, na moyo wangu uko kwao zaidi. Bendi zilizojaza kumbi za mji huu miaka ya 1960, 70 na 80, kuanzia NUTA Jazz mpaka Mlimani Park, zilirekodi kwa wingi pale Radio Tanzania. Zile kanda ni hazina. Leo fungua YouTube uone nyimbo hizo zimepakiwa na watu wasio na uhusiano wowote na wenye nazo, kabla ya wimbo kuna tangazo, na tangazo lina pesa. Sheria ile ya 1999 iliweka ulinzi kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Maana yake wajane na watoto wa watunzi wengi wale bado wana haki, na wengine wako kilomita chache kutoka hapa tulipo, wanausikia wimbo wa baba yao kwenye daladala. Naiomba taasisi inayohifadhi kanda, ofisi ya hakimiliki COSOTA, na familia wakae meza moja: waliopiga watambuliwe mmoja mmoja wakati bado wapo wazee wanaokumbuka nani alipiga besi siku ile, kazi zisajiliwe, na mapato ya mtandaoni yaelekezwe kwao. Kila mwaka mzee mmoja anayekumbuka anatutoka.

Na serikali isione aibu kuzungumza na majukwaa. Kamati ya Bunge la Uingereza mwaka 2021 ilisema mfumo mzima wa malipo ya muziki mtandaoni unahitaji kupangwa upya, na ikataka wapigaji wawe na haki ya malipo stahiki ambayo mkataba hauwezi kuwanyang'anya. Uruguay, yenye watu wapatao milioni tatu na nusu, mwaka 2023 ilipitisha sheria ya malipo ya haki kwa wasanii. Spotify ikatangaza itaondoka. Serikali ikatoa ufafanuzi, Spotify ikabaki. Sisi kwa sensa ya 2022 tumevuka milioni 61, na Kiswahili chetu kinasikilizwa kutoka Mombasa hadi Lubumbashi. Tukae tuulize wazi: pesa ya Mtanzania inagawiwaje, na kwa nini isimfuate aliyesikilizwa?

Hapa nyumbani, tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2022, kukusanya na kugawa mirabaha, yaani malipo ya matumizi ya nyimbo, kumefunguliwa kwa kampuni za wenye haki wenyewe, na COSOTA ikabaki kuwa msimamizi. Jiungeni, mhudhurie vikao, na mdai orodha. Redio na kumbi zitoe orodha ya nyimbo zilizopigwa, jina kwa jina, la sivyo mirabaha itagawiwa kwa kukisia, na anayekisia humkumbuka mwenye jina.

Nimemaliza. Meza ile karibu na mlango ina fomu za mgawanyo, nimezichapa za kutosha. Kama una wimbo uko sokoni na hauna karatasi, usiondoke. Wapigie wenzako simu sasa hivi mkubaliane asilimia, tujaze pamoja. Tutaanza na bendi, kwa sababu wana majina mengi.